Wote Tuliona Nyekundu

Siku ya kuniaga, Fundi Mbonde alisimama mbele ya masinia ya pilau akatangaza kwamba Mwajuma anastaafu. Watu wakacheka. Mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu. Huacha kazi, na majirani husema hana subira. Nilitaka kumsahihisha, maana kusahihisha watu ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, lakini nilimtazama usoni nikaacha. Alikuwa na maana yake. Kwake yeye, mtu aliyefungua breki za magari kwa miaka tisa, akatoka na vidole vyake vyote na bila abiria wa kumlilia, huyo amemaliza utumishi. Basi nakubali, nimestaafu.

Mwezi ujao naanza kufundisha chuo cha ufundi. Kabla sijaenda nawaandikia ninyi mliobaki gerejini, hasa mlioanza mwaka jana, ambao mmeniuliza mara kadhaa kwa nini tunawachosha wateja kwa mambo yetu ya kukwangua rangi. Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato. Jibu lenyewe ni refu, na sehemu kubwa yake hainipendezi.

Nilifika gerejini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya uhandisi wa mitambo na sina barua ya kazi. Waliotutangulia Chuo Kikuu walikuwa wakimaliza masomo wanapangiwa mashirika ya umma. Sisi tulipomaliza tulikuta mashirika yenyewe yanatafutiwa wanunuzi. Nikarudi kwetu Kibiti, nikakaa kwa mama miezi mitatu nikisoma matangazo ya kazi kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua. Siku moja mama akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo elimu niliyokwenda kuichukua ilikuwa ya kusoma vitumbua. Kesho yake nilikwenda gerejini.

Mnalijua jengo. Lilikuwa ghala la korosho la chama cha ushirika. Ushirika ulikufa, harufu ikabaki. Fundi Mbonde alikuwa amelikodi baada ya kupunguzwa kwenye shirika la usafirishaji alikofanya kazi miaka mingi. Kupunguzwa lilikuwa neno la miaka ile. Mtu mzima na watoto wake sita anapunguzwa kama chumvi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa kwa kelele za injini, kwa hiyo ukitaka kumwambia jambo la maana ulimzunguka.

Aliniuliza kama nimesoma breki. Nikamweleza jinsi mwendo wa gari unavyogeuzwa kuwa joto, nikaeleza na shinikizo la mafuta ndani ya mabomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ni vizuri sana, sasa nikae kwenye kiti cha dereva. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa kukanyaga pedeli huku yeye amelala chini akitoa upepo kwenye mabomba. Kanyaga. Shika. Achia. Wateja walikuwa wakichungulia ndani, wananiona mimi, wanauliza fundi yuko wapi. Hamisi, mchora mabango aliyekuwa na kibanda chake ubavuni mwa ghala, alikuwa akiwajibu, "Fundi yuko chini. Huyo juu ni Injinia." Jina likaniganda.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii niseme kidogo. Kalipa ni kipande cha chuma kinachoikumbatia diski ya breki nyuma ya gurudumu. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanaisukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, pistoni inabana pedi mbili juu ya diski, na gari linasimama. Kalipa yote hiyo, pamoja na chuma kinachoibeba, imeshikwa na bolti mbili. Mbili tu. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nikizitazama bolti hizo halafu nawatazama watu wanapanda magari huku wanazungumza habari za harusi, nikashangaa wanapata wapi huo moyo.

Fundi Mbonde alikuwa na desturi moja niliyoikuta nikaidharau. Kwenye msumari karibu na mlango palining'inia kopo la maziwa lenye rangi nyekundu na kijiti ndani yake. Kila bolti ya breki aliyoikaza kwa nguvu ya mwisho, alichovya kijiti akaitia nukta nyekundu kichwani. Sharti lilikuwa kwamba anayekaza ndiye anayetia nukta, palepale, kabla hajainuka. Hakuna kumwambia mwenzako akutilie. Bolti isiyo na nukta haijakazwa, hata kama umeikaza.

Nilimuuliza kwa nini tusiandike kwenye daftari, kama watu. Akasema daftari linabaki mezani, gari linaondoka. Nikamuuliza itakuwaje mtu akitia nukta bila kukaza. Akaniambia mtu huyo atafute kazi ya kuuza kitu kingine, samaki au magazeti. Nikauliza kwa nini nyekundu. Hapo alichoka. "Kwa sababu ndiyo iliyokuwemo kwenye kopo, Mwajuma."

Nilijifunza kwake mambo ambayo vitabu vyangu havikuyataja. Kwamba raba ya pistoni iliyochoka unaijua kwa kuinusa kabla ya kuiona. Kwamba dereva akisema breki zimekuwa laini, umuulize nani aliongeza mafuta mara ya mwisho na aliongeza mafuta gani, maana palitokea mtu wa Mbuchi aliyejaza mafuta ya kupikia. Kwamba spana usiivute kuelekea usoni kwako. Nikaanza kutia nukta zangu. Nikaanza pia, nakiri, kulala vizuri kwa sababu ya nukta hizo. Mtu anayehoji kila kitu anahitaji mahali pamoja pa kupumzikia, na mimi pangu palikuwa pale kwenye kopo la maziwa.

Halafu magari yakaanza kuja. Zamani Kibiti ulilijua kila gari kwa mlio wake na mwenye nalo kwa jina. Ghafla kila mwezi palipita kitu kipya kilichotumika Japani, na maandishi yao bado yapo milangoni. Pamoja na magari ikaja mitindo. Dereva mmoja wa pikapu iliyokuwa ikienda Ngarambe alikwenda Dar es Salaam akaona gari la kifahari lenye kalipa nyekundu zikichungulia katikati ya rimu. Aliporudi hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa Hamisi.

Pikapu yake haikuwa na kalipa. Ilikuwa na madramu, kama masufuria yaliyofunikwa. Hamisi akayapaka nyekundu kwa brashi ileile iliyoandika mabango ya nusu ya maduka ya Kibiti, na dereva akaanza kutangaza stendi nzima kwamba ameweka breki za spoti. Tena akasema zinashika kuliko mwanzo.

Mimi siwezi kusikia jambo la namna hiyo nikakaa kimya. Nilikuwa nimelipima gari lake kabla, siku tulipombadilishia breki shuu za ndani ya madramu: tulichora mstari kwa mkaa kwenye kipande cha lami, akaja kwa mwendo mmoja, akakanyaga kwenye mstari, nikahesabu hatua kumi na tisa mpaka aliposimama. Nikamwomba arudie baada ya rangi. Hatua kumi na tisa. Nikamwonyesha mbele ya watu.

"Hatua zako fupi, dada," akasema.

"Ni zilezile za juzi."

"Juzi ulikuwa na haraka."

Watu wakacheka, na waliyecheka naye ni yeye. Ndani ya mwezi huo madramu ya nusu ya pikapu za Kibiti yalikuwa mekundu. Nililolitambua na likaanza kunikosesha raha halikuwa rangi yenyewe, kwa sababu rangi juu ya dramu haimdhuru mtu. Ilikuwa kwamba madereva wale walianza kukanyaga breki wakiwa wamechelewa. Waliamini. Nilimwambia Fundi Mbonde kwamba rangi imebadilisha breki kweli, ila kwa upande mbaya. Akasema hatuwezi kukagua vichwa vya madereva, tukague magari.

Ndipo akaja Shamte.

Shamte alikuwa mwenyeji wa Mohoro aliyetajirika kwa kununua kamba kule deltani na kuwapeleka mjini kwenye barafu. Gari lake lilikuwa jeupe, la milango miwili, la kukaa chini kama mkeka. Kwa barabara zetu lilikuwa wazimu mtupu. Lakini lilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne na rimu pana za wazi, na kila aliyepita aliweza kuziona kalipa zake zikiwa na kutu. Hilo lilimuumiza. Alikuwa anampeleka mama yake nyumbani Mohoro baada ya kumtibu jicho Dar es Salaam, na Jumamosi palikuwa na hitma ya marehemu baba yake. Ukoo mzima ungekuwepo. Hakutaka kufika na kutu.

Akatuletea gari Jumatano. Hakutaka zipakwe kupitia kwenye matundu ya rimu kama za wenzake. Alitaka kalipa za mbele zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe rangi nyekundu mpaka mgongoni, zirudishwe. Nilimuuliza mgongoni nani ataona.

"Mimi nitajua," akasema.

"Na breki zitashika vilevile."

"Injinia, mbona wewe umevaa hereni? Unasikia zaidi?"

Nikaenda kuchukua spana, na kazi hiyo niliifanya kwa hasira kidogo. Nilifungua kalipa, nikaziba matundu ya pistoni na skrubu za kutolea upepo kwa karatasi na gundi ili rangi isiingie, nikamkabidhi Hamisi. Hayo niliyafikiria vizuri. Sikufikiria masikio. Masikio ni zile sehemu bapa mbili zenye tundu, ambapo bolti hupita na chuma cha kalipa hukaa juu ya chuma cha gari. Hamisi alipaka kalipa kama alivyoambiwa, kote. Alipaka mikono mitatu ya rangi, tabaka juu ya tabaka, akazianika kwenye kamba kama samaki. Kwa kweli zilikuwa nzuri. Hata Fundi Mbonde alizigusa.

Ijumaa asubuhi lilikuja lori limekwama ekseli, na mwenye lori alikuwa mkali. Tulikuwa na bomba moja refu la chuma tunalolichomeka kwenye mpini wa spana ili kupata nguvu ya kukazia. Nilifunga kalipa ya kushoto ya Shamte kwa bomba hilo, nikatia nukta zangu mbili. Fundi Mbonde akalichukua bomba kwenda nalo kwenye lori. Kalipa ya kulia nikaishikiza kwa spana tupu, na yeye akaniambia niiache, akipata nafasi ataimalizia mwenyewe. Nikaenda kumsikiliza mteja mwingine.

Niliporudi, bolti za kulia zilikuwa nyekundu. Nikasema moyoni, fundi amemaliza. Nikafunga magurudumu, nikashusha jeki, nikakanyaga pedeli. Ilikuwa ngumu na nzuri, kama inavyotakiwa. Shamte akatoka kuswali Ijumaa na kanzu yake imenyooka, akalizunguka gari mara mbili, akamwita Hamisi msanii. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikaa mbele, jicho moja limefunikwa kwa bandeji nyeupe. Alinishukuru mimi, ingawa sikuwa nimempa kitu. Wakaondoka kuelekea kusini.

Saa moja baadaye nilikuwa nakusanya vyombo nilipoliona bomba. Lilikuwa limebanwa kwenye ekseli ya lori, na Fundi Mbonde alikuwa amelala chini anahangaika kulitoa. Nikazunguka upande wa sikio lake zima.

"Fundi, kulia ulikaza na nini?"

"Kulia wapi?"

"Gari la Shamte. Bomba si limekwama hapa tangu asubuhi?"

Akatoka chini ya lori polepole. "Si ulimalizia wewe? Nilipita nikaona nyekundu."

"Na mimi niliona nyekundu."

Wote wawili tukamgeukia Hamisi, aliyekuwa anaosha brashi kwenye kopo la thina.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Spana ilichubua vichwa vya bolti, nikavipaka vyote vinne. Mimi kazi yenye madoa sitoi."

Wakati ule Kibiti hakukuwa na simu ya kumpigia mtu aliye njiani. Palikuwa na pikipiki ya Fundi Mbonde. Akaligonga lile bomba kwa nyundo mpaka likatoka, nikalipakata kwenye mapaja, nikatia spana na jeki kwenye kikapu, tukaondoka. Mwenye lori alikuwa anatuita. Fundi alimgeuzia sikio la kushoto.

Shamte alikuwa na saa moja na zaidi mbele yetu. Gari la chini haliwezi kukimbia kwenye barabara ile, nikajipa moyo. Lakini barabara ile ndiyo inayolegeza bolti, nikajikosesha moyo. Nilihesabu ni mara ngapi atakanyaga breki kutoka Kibiti mpaka mto Rufiji. Nilikuwa najua fomula ya kila kitu kinachotokea kalipa ikichomoka na kuzunguka na gurudumu, na kila fomula niliyoikumbuka iliongeza hofu. Kila kona nilitazama mtaroni. Karibu na kila daraja nilitazama chini. Tulipofika Ikwiriri nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa na maboga barabarani, akasema ndiyo, gari jeupe la kulala chini limepita, lina mgonjwa wa jicho ndani. Nikamuuliza lilikuwa linatoa mlio gani. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Miaka hiyo mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Unatoka juu ya ukingo, unashuka mteremko wa udongo ulioshindiliwa na malori, na mwisho wa mteremko kuna bamba la chuma la pantoni, na baada ya bamba kuna maji. Hakuna kitu kingine hapo katikati cha kukusimamisha isipokuwa breki zako.

Gari la Shamte lilikuwa la kwanza kwenye foleni, pua yake imeshaelekea chini. Madereva wa malori walimpisha kwa sababu ya mama. Pantoni lilikuwa ng'ambo, linapakia.

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa. Shamte alikuwa ameegemea bodi anawaonyesha watu kalipa.

"Injinia! Umenifuata mpaka mtoni? Ungesema tu unataka lifti ya Mohoro."

Watu wakacheka. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba kalipa ya kulia haikukazwa na lazima tufungue gurudumu. Akaacha kutabasamu, lakini hakusogea. Akasema zimemleta mpaka hapa. Akasema pantoni likija atapoteza zamu, na hitma iko palepale. Nadhani kilichomkera hasa ni kufunguliwa gurudumu mbele ya watu aliokuwa anawasifia breki dakika moja iliyopita. Akasema, "Mmezipaka juzi, mmezifunga leo, na leo hiihii mnakuja kunitia hofu. Basi mlikuwa mnafanya nini kule?"

Lilikuwa swali zuri. Kabla sijalijibu, sauti ikatoka ndani ya gari.

"Shamte, nifungulie mlango."

"Mama, tulia tu, hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu watafungua, watafunga. Nifungulie."

Tukaweka mawe nyuma na mbele ya matairi, tukapiga jeki upande wa kulia. Nilipotoa gurudumu, bolti ya chini ya kalipa ilizunguka kwa kidole. Ya juu ilizunguka kwa vidole viwili. Waliokuwa wanacheka wakaanza kusimuliana wao kwa wao kana kwamba walijua tangu mwanzo. Fundi Mbonde akamuuliza Shamte kama alisikia chochote njiani.

"Kulikuwa na kokokoko tangu Ikwiriri," akasema. "Nikajua ni mawe."

Nilikaza zile bolti kwa bomba mpaka viganja vikaniuma. Na hapa nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema gerejini: nilifurahi. Nilihisi nimeshinda. Nilikuwa nimewaambia watu tangu zamani kwamba rangi si breki, na sasa hata malori yamesimama yananisikiliza. Nikaanza kukusanya spana.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba la lori lililokuwa nyuma, mikono mapajani.

"Na upande wa pili, mwanangu?"

"Ule hauna shida, Bi mkubwa. Nilikaza mwenyewe."

"Sikuuliza nani kakaza."

Nikamtazama Fundi Mbonde. Alikuwa ameshaanza kuihamisha jeki.

Nilitoa gurudumu la kushoto nikijua nitakachokuta. Bolti ya juu ilikuwa imara. Nikashika ya chini, ikazunguka.

Sikuamini. Nikadhani nimeishika vibaya, nikaishika tena. Nikakwangua rangi ya Hamisi kwa ukucha, na chini yake nikaiona nukta yangu, yenye rangi nzito kidogo kuliko ile nyingine, nzima, palepale nilipoitia asubuhi. Nilikuwa nimekaza. Nilikumbuka uzito wa bomba, nilikumbuka jinsi spana ilivyokataa kuendelea. Nukta haikuwa ya uongo, na bolti ilikuwa imelegea.

Fundi Mbonde ndiye aliyeona. Alichomoa bolti akapitisha kidole kwenye sikio la kalipa. Rangi ile nene, mikono mitatu, ilikuwa imepata joto la breki ikawa laini, ikabanwa ikatokea pembeni kama utomvu wa korosho. Asubuhi bolti yangu haikukamata chuma. Ilikamata rangi. Rangi ilipokimbia, bolti ikabaki inashika hewa.

"Kwa hiyo ulikaza," Bi Mwanaidi akasema.

"Nilikaza."

"Na imelegea."

"Imelegea, Bi mkubwa."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, maana ningejitetea. Miaka yote ile nilihoji madereva, nilihoji Hamisi, nilihoji kopo la Fundi Mbonde. Mkono wangu mwenyewe sikuwahi kuuhoji hata mara moja. Kama angeniuliza tu nani kakaza, ningemjibu, tungefunga gurudumu, na gari lingeshuka.

Tulikwangua masikio yote manne mpaka chuma kikang'aa. Fundi Mbonde alitumia kisu, mimi nikatumia msasa, na Shamte, bila kuambiwa, alikunja mikono ya kanzu akachukua kitambaa chenye petroli akawa anafuta. Kanzu iliharibika. Bolti zote nne nikazikaza upya kwa bomba, tukarudisha magurudumu. Fundi Mbonde akasema, akiongea na kalipa zaidi kuliko na mimi, kwamba tangu leo hakuna rangi inayokaa kati ya chuma na chuma, na gari likifungwa liendeshwe mpaka njia panda, lipate joto, lirudi likazwe tena likiwa limeshatumika. Nikamuuliza nukta je. Akasema nukta tutaitia baada ya mara ya pili, na itakuwa ya njano. Basi ndiyo hiyo mnayoitumia. Wateja wanalalamika kwamba tunawapotezea muda, na mna ruhusa yangu ya kuwaacha walalamike.

Pantoni lilikuwa limeshafika na kushusha. Mfanyakazi akawa anaita gari la kwanza. Shamte akamfungulia mama yake mlango.

"Mimi nitashuka kwa miguu," Bi Mwanaidi akasema. "Nitapanda likishasimama."

"Mama, kuna vumbi. Jicho lako."

"Jicho limefunikwa."

Akanyoosha mkono kunitafuta, akanishika juu ya kiwiko. Tukaanza kushuka pembeni mwa mteremko, taratibu, yeye akipapasa ardhi kwa kandambili zake kabla ya kila hatua. Jicho lake zima lilikuwa halioni mbali; aliniambia hivyo tukiwa tumefika katikati. Nyuma yetu Shamte akawasha injini.

"Niambie linavyokwenda," akasema.

Gari likatupita. Niliziona kalipa katikati ya rimu, nyekundu, zimechubuka kwa kisu, mbaya sana.

"Linashuka," nikasema.

"Linapunguza?"

"Linapunguza."

"Limefika kwenye chuma?"

"Bado. Sasa limefika. Limepanda."

"Limesimama?"

Taa za nyuma zilikuwa zimewaka. Lilionekana limesimama. Mtu mwingine yeyote angesema limesimama. Vidole vya Bi Mwanaidi vilikuwa vimenikaza mkononi, naye alikuwa amegeuza uso kwangu, si mtoni, akisubiri. Nilisubiri mfanyakazi wa pantoni aburute gogo akaliweka mbele ya tairi. Nikasubiri aweke la pili. Nikasubiri mpaka Shamte akafungua mlango na kuweka mguu mmoja chini.

"Limesimama," nikasema.

"Mbona umechelewa kunijibu?"

"Nilikuwa natazama."

"Haya," akasema, bila kuniachia. "Twende."